Tochi Isiyolazwa

Kijana akija kuniuliza tochi nzuri ni ipi, mimi kwanza namuuliza ataitundika wapi. Wengi hucheka. Wao wanataka kujua inamulika mpaka wapi na inauzwaje, na mzee anauliza habari za misumari! Basi kaeni niwaeleze, wajukuu zangu. Nimeuza na kutengeneza tochi pale Same kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona nyingi zenye mwanga wa kuogofya zikishindwa kufanya kazi siku zilipohitajika. Tochi ni ya yule atakayeishika akiwa ameogopa, mikono inatetemeka na kuna giza. Hilo sikujifunza mezani kwangu. Lilinifikia kupitia shemeji yangu Mbonea, mume wa dada yangu mkubwa, na kila nikilisema hadi leo linaniuma.

Sasa nimestaafu. Magoti yangu yamelikataa joto la tambarare, nimerudi huku Vudee nilikozaliwa, na meza yangu ya sokoni nimemwachia kijana mmoja anayeuza pia kava za simu. Nikipita kumsalimia ananiambia, "Babu, siku hizi watu wana tochi kwenye simu." Namjibu kuwa sawa, na simu ikizimika wewe utampigia nani akuletee mwanga? Anarudi kupanga kava zake kwa heshima tu, najua hajakubali.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sefania. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na kreti la soda alilolifunika gunia, ambalo sisi tuliliita sinema. Jua la Same halina adabu. Ukiwasha tochi yoyote juani inaonekana mbovu, na muuzaji mjanja anakwambia ni jua tu. Mzee Sefania hakutaka maneno hayo. Mteja aliingiza kichwa na tochi ndani ya gunia, akawasha, akatazama duara la mwanga kwenye ubao wa ndani. Likiwa na kiini kizito katikati na ukungu mwepesi pembeni, tochi ni nzuri. Likiwa na doa jeusi katikati, rudisha. Siku moja alikuja mfugaji kutoka nyikani, mtu mrefu wa shuka nyekundu, akakataa katakata kuinama. Alisema mwizi wa ng'ombe akitaka kuanza kazi, ataanza na mwenye ng'ombe aliyeingiza kichwa guniani. Ilibidi Mzee Sefania amshikie fimbo na kuapa kwa jina la mama yake.

Alinifundisha pia kuitikisa tochi sikioni. Ikilia kama kiberiti chenye njiti, ndani kuna kitu kimelegea. Alinifundisha kubonyeza springi kwa kidole gumba, irudi kwa hasira, isirudi kwa uvivu. Kutu ya betri iliyovuja niliisugua kwa msasa na tone la ndimu. Tochi iliyokataa kugusana nilikunja karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara nikaiweka kitakoni, ikawaka. Hizo zilikuwa enzi za globu na betri kubwa mbili, nzito, unaweza kumpiga nayo mbwa. Hizi taa ndogo nyeupe zilipokuja Mzee Sefania alizidharau wiki nzima, halafu akanunua moja akaificha asionekane nayo.

Na ni yeye aliyenifundisha kulaza tochi.

Sisi Wapare tunatajwa kwa ubahili nchi nzima, na mimi sitabishana na nchi nzima. Huku milimani betri haikuwa kitu cha kuchezea. Zikidhoofika tulizianika juani juu ya bati, wengine walizing'ata zipondeke kidogo zitoe nguvu ya mwisho. Kwa hiyo Mzee Sefania alimwambia kila mteja: asubuhi fungua tochi yako, toa betri moja, igeuze kichwa chini, funga. Imelala. Mtoto akisukuma swichi haiwaki. Swichi ikijisukuma yenyewe ndani ya kikapu, betri haziliwi. Jioni ifungue, igeuze betri, imeamka. Wateja walilipenda jambo hilo kuliko tochi zenyewe. Zilikuwapo nyumba huku juu ambako tochi ililazwa kwa uangalifu kuliko watoto.

Akaja mtu mmoja kutoka Kwakoa, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatutukana kabla ya salamu. Tulimuuzia tochi mbovu, alisema, haijawaka tangu mvua za vuli. Mzee Sefania akaifungua, akageuza betri, akaifunga, akammulika nayo usoni. Yule bwana akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Nani anajua jambo hili?" akauliza.

"Mkeo. Siku ile mlikuja wawili, nikamwonyesha yeye. Ndiye aliyeilaza."

"Kwa hiyo miezi yote hii nimejikwaa kwenye visiki na mwanga ninao mkononi?"

"Naam."

Alicheka mpaka akakaa chini, na sisi tukacheka naye, soko zima likaja kuuliza kuna nini. Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo kila nilipotaka watu wachangamke. Siku hizi siisimulii tena kwa kuchekesha.

Dada yangu anaitwa Naetwe. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani, na ndiye aliyenionyesha kupasua njiti ya kiberiti katikati kwa wembe ili zipatikane mbili. Aliolewa na Mbonea, mtu mrefu, mpole, mvivu wa maneno. Mbonea alikuwa mtunza ndiva. Kwa ninyi mliokulia mbali na milima yetu, ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, tunalolitengeneza kwa msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka na majembe. Jioni mtunzaji anaziba tundu la chini, maji ya mfereji yanakusanyika usiku kucha, na alfajiri analizibua ili maji yashuke mashambani kwa zamu. Mbonea alikwenda jioni na kurudi giza likianza, na akikaribia nyumbani alipiga mluzi. Kwa mluzi huo dada alijua apakue makande.

Jioni moja mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu zaidi. Mbonea akahofia ndiva itafurika na kubomoa ukingo, akatoka mapema, kungali na mwanga, hakuchukua tochi. Ukungu ukashuka. Giza likaingia na mluzi hausikiki. Dada akachukua tochi rafuni, akasukuma swichi. Haikuwaka. Akaipigapiga kiganjani, akaitikisa, akasukuma tena, hakuna kitu. Akaitia mfukoni, akatoka hivyo hivyo bila mwanga. Njia ya ndiva ni ya mawe na utelezi, upande mmoja korongo, na ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Aliita, hakujibiwa. Hakuweza kuendelea. Akarudi, akapanda kwa jirani aliye mbali, jirani akatafuta viatu, akatafuta simu yenye chaji, wakaita wengine.

Walimkuta Mbonea chini ya ukingo. Aliteleza akaangukia mawe, na mvua ilikuwa imemnyeshea muda wote huo. Alikuwa bado anasema. Alimwambia dada, "Nilikusikia ukiita, sauti yangu haikutoka." Walimbeba kwenye kitanda mpaka barabarani, gari likapatikana, na kabla ya kufika Same mjini akakata roho mikononi mwa mkewe.

Je, angewahiwa angepona? Msibani kila mtu alijiuliza na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti. Walichosema ni kwamba betri zilikuwa zimekwisha. "Betri tu, jamani," walisema wakitikisa vichwa. Mimi fundi wa tochi nilikaa kwenye benchi la waombolezaji nikiyasikia hayo.

Baada ya mazishi, dada akashuka Same. Nilimwona akija kati ya meza za watu, amevaa nguo nyeusi, kakumbatia kitu alichokifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo, Eliamini?"

"Sijambo. Karibu kiti."

Hakukaa. Alifungua kitenge akaiweka tochi mezani. "Nifungulie hii. Nataka kujua ilikuwa na nini."

Mzee Sefania alikuwa amekwisha kufa wakati huo, meza ilikuwa yangu peke yangu. Nilizungusha kifuniko, nikainamisha tochi, betri zikateleza kiganjani. Ya kwanza ilitoka kichwa mbele. Ya pili ilitoka kitako mbele.

Betri zilikuwa nzima kabisa, kavu, hazijatoa jasho, zingemulika majuma kadhaa. Tochi ilikuwa imelala tu. Nikajua papo hapo kilichotokea, au nilidhani nimejua: Mbonea aliilaza asubuhi kama wafanyavyo wanaume wetu wote, akatoka jioni bila kuiamsha, na dada yangu akaachwa na mwanga mkononi usiowaka. Nikikwambia ukweli, dada, niliwaza, utakwenda nao kaburini. Kila usiku utaigeuza betri ile kichwani mwako.

Nikajifanya natafuta bisibisi, nikampa mgongo, nikazitia betri mfuko wa koti.

"Zilikwisha," nikasema. "Zimekufa kabisa. Hata mimi fundi nisingeiwasha."

Alinitazama. Dada yangu ana macho ya mama yetu, huwezi kuyakimbia.

"Zilikwisha?"

"Zilikwisha, dada."

"Haya," akasema. Akaomba maji, akanywa yote, akaketi sasa. Kisha akaisukuma ile tochi upande wangu. "Hii baki nayo. Nitafutie nyingine. Mwanga wake uwe mkali, ufike ng'ambo ya ndiva. Isiwe ghali. Betri zake niwe nazipata hukohuko juu. Na mtoto yeyote wa nyumba ile aweze kuiwasha."

Hilo la mtoto lilinishangaza. Wazee wote niliowahi kuwauzia walitaka tochi ambayo mtoto hawezi kuiwasha. Nikadhani ni huzuni inasema.

Vijana, mnadhani ni jambo jepesi kuipata tochi ya namna hiyo. Mimi nilikaa katikati ya tochi na niliitafuta kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote maishani. Ya kwanza niliyompelekea ilikuwa ya kuchaji, ina mwanga kama wa gari. Nilijivuna nayo. Umeme ukakatika huku juu, ukungu ukakaa juma zima hata sola ikasusa, tochi ikawa chuma cha kukandamizia karatasi. Ya pili ilitumia betri bapa kama vifungo vya koti. Zilipokwisha, dada aliuliza kila duka kutoka Vudee mpaka Mamba, kote wakamjibu kwamba kitu hicho hawajawahi kukiona. Ndipo nikatunga kanuni ambayo nawapa bure: kabla hujaipenda tochi, nenda kwenye duka la mwisho kabla ya nyumba yako, uulize wana betri gani. Wakikuonyesha zile ndogo za rimoti na saa ya ukutani, nunua tochi ya betri hizo.

Ya tatu ilikuwa na betri sahihi, lakini swichi yake ilikuwa na akili nyingi. Bonyeza mara moja, mwanga mkali. Mara ya pili, hafifu. Mara ya tatu, inawakawaka kama gari la polisi. Dada aliiwasha akienda zizini na haikukubali kuacha kuwakawaka. Majirani wakatoka na mapanga wakidhani anaomba msaada, wakamkuta anamkamua mbuzi. Alinirudishia kwa dereva wa bodaboda na ujumbe wa maneno: "Mwambie Eliamini nimeomba tochi, sikuomba disko."

Na msidanganywe na tarakimu za kwenye boksi. Boksi halimuliki. Nimeona tochi iliyoandikwa nguvu za kuangaza mlima mzima ikashindwa kufika mwisho wa kreti.

Niliipata hatimaye nikiwa karibu kustaafu, kwenye mzigo wa mchanganyiko ambao wenzangu hawakuujali. Ya bati jepesi, betri tatu za rimoti, swichi moja ya kusukuma mbele na nyuma, pana kiasi cha kuikuta kwa kidole bila kutazama. Niliiangusha kwenye mchanga, nikaitosa kwenye ndoo, nikaiingiza kwenye sinema ya Mzee Sefania. Kiini kilikuwa kizito na cheupe. Nilifumba macho nikaiwasha na kuizima kwa mkono wa kushoto, halafu kwa mkono uliolowa sabuni. Bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Nikaipeleka mwenyewe. Dada aliitazama, akapigilia msumari kwenye mwimo wa mlango, akaitundika. Msumari aliupigilia chini, usawa wa kiuno changu.

Niliporudi huku moja kwa moja, nikawa nakwenda kwake karibu kila siku. Mchana mmoja tulikuwa jikoni kwake. Jiko lile halina dirisha, mchana ni giza, na moshi unakaa humo kama mwenye nyumba. Wajukuu zake wawili walikuwa wameitungua ile tochi, wanatengeneza vivuli vya sungura ukutani kwa vidole. Wakaiwasha, wakaizima, wakaiwasha, wakaiacha iwake chini wakienda kugombania kiti. Mkono wa muuzaji ukaniwasha. Nikasema bila kufikiri:

"Dada, hawa watakumalizia betri. Si uwe unailaza mchana?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Dada aliacha kuchambua maharage. Nilitamani kuumeza ulimi wangu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nailaza," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Shemeji yako hakuwa na mambo hayo, Eliamini. Unamjua. Angeiacha iwake mpaka asubuhi. Nilikuwa nailaza mimi, kila siku nikimaliza kufagia, kwa sababu ya watoto waliokuwapo wakati ule. Jioni naiamsha kabla hajatoka kwenda ndiva. Siku ile akatoka mapema." Akaitandaza mikono yake juu ya ungo. "Mikono yangu hii ndiyo iliyoigeuza betri asubuhi. Na jioni mikono hiyohiyo ikasahau."

"Ulikumbuka lini?"

"Barabarani. Tunasubiri gari, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Nilikumbuka wakati huo, na tochi ilikuwa bado mfukoni mwangu. Sikuweza hata kuitoa."

Watoto walikuwa wanacheka. Nilimuuliza mbona basi alishuka mpaka Same kuniletea niifungue, kama alikuwa anajua.

"Watu wote walikuwa wananiambia zilikwisha. Lakini hakuna aliyekuwa ameifungua. Nilitaka mmoja aifungue, aone, halafu aniambie hivyohivyo." Alirudisha macho kwenye ungo. "Ukaona. Nilikuona ulivyoona, mgongo wako uliniambia. Na ukasema zilikwisha. Usiku ule nililala, mdogo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza."

Nililia, sioni aibu kuwaambia. Nililia kwa ajili ya Mbonea aliyesikia akiitwa asiweze kujibu, na kwa ajili ya dada yangu aliyekuwa akiubeba mzigo ambao mimi nilijidai nimemficha. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi ninayemtunza. Yeye hakulia. Aliendelea kuchambua maharage, anatoa vijiwe, anavitupa mlangoni.

Tochi ilikuwa bado chini, inawaka, inamulika mguu wa meza bure. Mwanga wake ulikuwa umeanza kufifia. Nikasema la kazi yangu.

"Zinaisha hizo, dada."

"Acha ziishe," akasema dada yangu, aliyenifundisha kupasua njiti ya kiberiti. "Kesho nitanunua nyingine."